Mama na kiti chake cha kukunja: niliyojifunza makaburi ya Arlington

Mwisho wa mwezi wa tano huku Marekani kuna sikukuu inaitwa Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, na kwa miaka mingi mimi nilikuwa naijua kwa mambo mawili tu, magodoro yanashushwa bei, na ukiingia kazini siku hiyo unalipwa mara moja na nusu. Sisi wabeba boksi hiyo shifti tunaigombania, mlioko Maryland na Virginia mnanielewa. Wenyeji wanachoma nyama, mabwawa ya kuogelea yanafunguliwa, kwao ndo joto limeanza hivo. Kwamba ni siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani hiyo nilishaisikia lakini iliingia sikio hili ikatokea lile.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja tunayefanya naye kazi. Ni nyumba ya kulea wazee, mimi niko upande wa kuwahudumia, kuwaogesha, kuwageuza, kuwalisha, yeye yuko jikoni. Mmarekani mweusi, mtu mzima, anacheka kwa sauti ya kusikika korido nzima, halafu kwenye usafi hana mzaha hata kidogo. Sasa 2021, mwezi wa tano huo, kijana mmoja wa mapokezi akapita jikoni akamtakia heri ya sikukuu, yaani kwa uchangamfu kabisa, na huyo kijana hana kosa maana kila mtu anasema hivo mpaka redioni. Mama akasema asante. Akaweka trei chini, akaingia stoo, akakaa humo. Nikamfuata nikamwambia pole, sisi si tunajuana, pole tunaitoa kwanza sababu tutaijua baadae. Akaniambia ana mtoto wa kiume yuko Arlington, aliuawa Iraq 2007 akiwa na miaka ishirini. Ule mwaka ndo ulioua wanajeshi wengi wa Marekani kule Iraq kuliko mwaka mwingine wowote, zaidi ya 900.

Huwa anaenda na dada yake lakini dada alikuwa anauguza, corona bado ilikuwa inasumbua, basi nikajikuta nasema nitakusindikiza mimi. Tukaenda Jumapili ya wiki iliyotangulia, kwa sababu sikukuu yenyewe haipendi, anasema siku hiyo anakuja rais na kamera na watu ambao hawatafuti kaburi la mtu yeyote.

Makaburi yako Virginia, ukishavuka mto Potomac tu kutoka Washington. Ni ekari zaidi ya 600 na waliozikwa humo wameshapita laki nne, yaani ni mji mzima umelala pale. Mawe ni marumaru nyeupe, kimo kimoja, jenerali na kuruta wanalingana, na yamepangwa hivi kwamba simama mbele, simama ubavuni, angalia kwa pembe, mstari umenyooka. Mimi mtoto wa Songea niliona shamba la mahindi machanga yaliyopandwa kwa kamba. Nikajisikia vibaya kuwaza mahindi mahali pale lakini ndo kilichonijia. Kwenye kila jiwe kuna jina, cheo, tarehe, vita aliyopigana, na juu alama ya dini yake, msalaba, mwezi na nyota, nyota ya Daudi, na nyingine nyingi, serikali imeruhusu alama zaidi ya 70.

Sasa springi, yaani majira ya maua kuchanua, ya mwaka ule haikuwa springi ya kawaida. Maeneo haya kuna nyenje wa ajabu sana, wanakaa chini ya ardhi miaka 17, halafu ukifika wakati wao wanatoka wote kwa pamoja, mamilioni kwa mamilioni, macho mekundu, wanapanda kwenye miti wanajivua ganda na kuanza kelele ambayo mpaka mnaongea mnapandisha sauti. Walitoka 2021. Magamba yao yalikuwa kila mahali, kwenye magome, kwenye majani, mengine yameng'ang'ania kwenye yale mawe meupe. Mama akalichomoa moja kutoka kwenye jiwe la mwanae akalishika kwenye kiganja akaanza kucheka. Akaniambia mara ya mwisho hawa wadudu kutoka ilikuwa 2004, mwanangu alikuwa na miaka 17, alikuwa anawaficha kwenye kikombe changu cha kahawa ili nipige kelele, na nilikuwa napiga. Akanyamaza kidogo akasema, wakitoka tena mimi nitakuwa nakaribia themanini. Halafu akafungua kiti chake cha kukunja akakaa.

Jamani mimi nilijiandaa kulia. Nilibeba na leso. Nilichokikuta ni mtu anapiga stori na mwanae. Alipangusa jiwe kwa kitambaa chenye maji, akamwambia mbwa ameshakuwa mzee haoni vizuri, binamu yako anaoa na mwanamke mwenyewe mimi sijamuelewa, paa la garaji linavuja. Mara akageuka akanitambulisha. Huyu ni rafiki yangu anatoka Tanzania. Nikajikuta nasema shikamoo, sijui kwa nini, mtoto mwenyewe nilimzidi umri na kiswahili hajui!

Ile sehemu inaitwa Section 60, wengi waliozikwa pale ni wa Iraq na Afghanistan, kwa hiyo wafiwa wao bado wapo hai na wanakuja. Sehemu nyingine za makaburi zimetulia, wajukuu wa wajukuu washasahau, lakini pale pana maisha. Watoto wanakimbia. Kuna familia walitandika blanketi wanakula sandwichi. Kuna kijana alikuja na bia mbili, akafungua zote, moja akaiweka mbele ya jiwe na nyingine akanywa taratibu amechuchumaa, alipomaliza akaimwaga ile ya mwenzie kwenye nyasi akapiga saluti akaondoka. Kuna baba alikuwa amelala chali kabisa pembeni ya kaburi, anaangalia juu. Hamna aliyemuuliza. Na hawa wafiwa wanajuana, mama anawaita majirani zake, anajua wa kulia kwake alizaliwa lini na mke wake ameolewa tena na nani, na hana tatizo na huyo mume mpya kwa sababu huwa anakuja nae.

Juu ya mawe unakuta sarafu. Akanielezea, ukiacha ya senti moja maana yake nimepita kukuona, ya senti tano tulifanya mafunzo pamoja, ya senti kumi tulitumikia pamoja, na robo dola maana yake nilikuwepo ulipokufa. Kuna mwaka alifika akakuta robo dola kwenye jiwe la mwanae. Akakaa pale mpaka muda wa kufunga akiamini labda huyo mtu bado yuko mle makaburini atarudi. Hakurudi. Mpaka leo hajui ni nani, na ile robo dola hakuigusa, aliiacha pale pale. Hii aliniambia tukiwa kwenye gari tunarudi, na hapo ndo ile leso ilipata kazi.

Nimeishi na hiyo siku muda mrefu nikilinganisha na kwetu. Sisi msiba tunaujua, hilo hakuna anayetufundisha, watu wanajaa nyumbani, wanalala chini, sufuria zinatoka kwa majirani, mfiwa haachwi peke yake hata kwenda chooni. Hawa wenzetu hapo hawatufikii, mtu anafiwa na wiki inayofuata yuko kazini anaulizwa ripoti. Lakini sisi tukishaanua tanga tumeanua kweli. Baada ya arobaini ukiendelea kumtaja marehemu unaambiwa jikaze, kazi ya Mungu haina makosa, usimlilie sana unamsumbua. Mtu akionekana kaburini kila mwezi miaka kumi na nne baada ya mazishi ukoo unaitisha kikao. Nilimuuliza yule mama watu wanamkera wapi, akasema wanaokera ni wale wanaobadilisha mada jina la mwanae likitajwa, wanadhani wanamkumbusha. Kwani nimesahau, ananiuliza mimi. Anataka watu wamuulize alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anapenda kula nini, alikuwa mbishi. Tangu siku hiyo na hao wazee ninaowahudumia nimeacha kusema pole na kunyamaza, nauliza jina na naacha mtu aongee, na mengine ninayoyasikia ni vichekesho vitupu.

Miaka iliyofuata nimerudi tena, mara nyingine na yeye, mara nyingine na watu wa kanisani. Kwenye kilele cha kilima kuna Kaburi la Askari Asiyejulikana ambalo ndo watalii wote wanalikimbilia. Aliyezikwa mwanzo ni wa vita ya kwanza ya dunia, 1921, wakaongezwa wa vita ya pili na wa Korea mwaka 1958. Mlinzi anatembea hatua 21, anageuka, anasimama sekunde 21, anarudi, usiku na mchana, mvua, theluji, bila kukatika tangu 1937. Watu wakicheka au wakivuka kamba anawafokea kwa sauti ya kijeshi mpaka mtoto wa mtu analia. Ni heshima kubwa sikatai, ila mimi binafsi pale nahisi niko kwenye gwaride, simu zimeinuliwa, kila mtu anarekodi.

Kilichonigusa pale ni historia ya yule wa Vietnam. Alizikwa hapo 1984 kama asiyejulikana. Familia moja ikawa inasema huyu atakuwa wetu, ikakomaa, na 1998 kaburi likafukuliwa wakapima vinasaba, kweli akawa rubani Michael Blassie aliyetunguliwa 1972, wakamchukua wakamzika kwao St. Louis. Yaani marais walikuwa wanamwekea mashada, analindwa kila dakika, na bado familia ikaona bora alale kwao na jina lake. Mimi hapo nimewaelewa kabisa. Songea tulikuwa tunapelekwa na shule kwenye kaburi la pamoja la mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na nakumbuka mabibi waliokuja pale walikuwa hawaangalii mnara, wanauliza babu yetu atakuwa upande gani.

Halafu kuna Section 27, watu hawaendi sana na mimi ndo napenda zaidi. Hili eneo lote lilikuwa shamba la familia ya mke wa Robert E. Lee, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, na serikali ikaanza kuzika askari humo 1864. Section 27 wamo askari weusi wa vita ile, na wamo watu weusi wa kawaida waliotoka utumwani wakakimbilia Washington, kama 3,800 hivi. Mawe ya hawa wa kawaida hayana cheo wala vita. Yameandikwa jina, na chini yake, Raia. Basi. Mtu aliyezaliwa anauzwa sokoni anakufa na hilo neno juu yake. Na hata hivo ubaguzi uliendelea mle mle makaburini, weusi na weupe walikuwa wanazikwa mbalimbali mpaka 1948.

Na hii wengi hawaijui, rasmi wanasema siku hii ilianza tarehe 30 Mei 1868, Jenerali John Logan alitoa agizo watu wapambe makaburi ya askari kwa maua, wakachagua mwisho wa Mei kwa sababu maua yanakuwa yamechanua nchi nzima. Lakini tarehe 1 Mei 1865, kule Charleston, South Carolina, watu weusi waliotoka tu utumwani walikuwa wameshafanya. Kulikuwa na uwanja wa mbio za farasi ambao watu wa Kusini waliugeuza jela ya mateka, mateka wakafa kwa maradhi wakatupwa kwenye shimo la pamoja. Wale weusi wakawafukua mmoja mmoja, wakawazika kila mtu na kaburi lake, wakajenga uzio, halafu wakafanya maandamano, watu kama elfu kumi, watoto wa shule mbele wamebeba mawaridi wanaimba. Hakuna aliyewatuma, wala wale maiti hawakuwa ndugu zao. Nilipomsimulia yule mama akanijibu, sisi tumezika watu wa kila mtu katika nchi hii.

Alhamisi kabla ya sikukuu askari zaidi ya 1,000 wanaingia na mabegi ya bendera ndogo, wanachomeka moja kila jiwe, bendera zaidi ya 260,000, na wanamaliza kwa kama masaa manne. Kipimo ni buti lao wenyewe, ncha ya kiatu inagusa jiwe, bendera inaenda kwenye kisigino. Jumapili yake watu wa kawaida wanaruhusiwa kuweka maua, na ndo siku tunayoenda sisi wa kanisani, Watanzania, Wakenya, Wakongo wawili watatu. Unapewa mawaridi, unaweka moja kwenye jiwe, unasoma jina kwa sauti, unasimama kidogo, unaenda la pili. Mara ya kwanza unaona rahisi. Ukifika kwenye jiwe la arobaini koo limekauka na majina ya Kipolandi yanakushinda, mama mchungaji wetu alikuwa anamaliza kwa kusema baba naomba unisamehe nimelikosea jina lako. Na mafua ya springi tena, ule unga wa njano wa maua, tunapiga chafya juu ya mashujaa wa watu.

Nikiwa kwenye hiyo kazi ya maua nikampigia baba simu ya video nimuonyeshe. Baba ni mjeda mstaafu, alikuwepo vita vya Kagera. Akaangalia mistari ile weee, akaniambia zungusha simu, rudisha, sogea karibu nisome. Swali lake la kwanza, maua anaweka nani, jeshi au familia? Nikamwambia yeyote, sisi hapa hata si wa nchi yao. Akakaa kimya nikadhani mtandao umekata. Halafu akaanza kunisimulia bamdogo.

Bamdogo na baba ni vitu viwili tofauti kwenye familia yetu, baba alirudi, bamdogo hakurudi. Mimi nilijua tu kwamba yupo mmoja alifia Uganda, na kwamba mbele ya bibi hatajwi maana bibi akisikia anazimia. Bibi alifariki zamani lakini amri ikabaki. Zaidi ya miaka arobaini! Siku hiyo baba aliongea mpaka chaji ikaniishia nikaenda kuchomeka ndani ya gari. Eti alikuwa beki mkali, eti alikuwa mwizi wa sukari, alikuwa anaweza kuigiza sauti ya mwalimu mkuu mpaka darasa linasimama. Amin alivamia mwisho wa Oktoba 1978, akavunja daraja la Kyaka, na Nyerere aliposema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, hawa wawili walikuwa vikosi tofauti. Walionana mara moja, wanasubiri kuvuka mto kwa daraja la muda, wakavuta sigara moja kwa zamu. Kampala ikaanguka Aprili 1979 na baba alikuwa anaangalia kila lori linalopita.

Amezikwa Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Mimi nilikuwa sijui. Baba alijua miaka yote na hajawahi kufika, mwanzoni nauli, baadae amri ya bibi, baadae nadhani woga, ingawa yeye anasema magoti. Mwaka 2013 maadhimisho ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai yalifanyika pale pale Kaboya, rais alikuwepo, akaangalia kwenye tv mkuki na ngao vinawekwa, sime, shoka, upinde, akaizima. Nikamuuliza kwa nini ulizima. Akasema walikuwa hawasomi majina.

Basi nikafungua grupu la WhatsApp la ukoo, safari ya Kaboya, na hapo ndo nimejua kuzika ni rahisi kuliko kukusanya michango. Kutoka Songea mpaka Muleba ni kukata nchi nzima, Makambako, Iringa, Dodoma, Singida, Kahama, Biharamulo, na mzee hapandi ndege kabisa. Kaka anafuatilia kibali kwa sababu pale ni kambi ya jeshi huingii tu unavyojisikia. Binamu mmoja anataka tushone sare, nikamwambia hatuendi harusini, amenuna. Yule mama wa jikoni alivyosikia akachangia dola hamsini na akanipa kiti chake cha kukunja cha akiba, eti kwa ajili ya magoti ya mzee. Ugomvi mkubwa ulioko mezani saivi ni kwamba baba anataka kubeba komoni kidogo amwagie mdogo wake, na shangazi ambaye ameokoka anasema pombe kaburini haingii basi moja nayo. Nikaandika kwenye grupu habari ya yule kijana na bia zake mbili kule Section 60, nikidhani nasaidia. Shangazi amesoma, alama za bluu naziona, hajajibu, na michango ya watu watano bado haijaingia.